Mgeni Ndani ya Ini

Saa moja ya asubuhi, jua la Lodwar limekwisha kupata makali. Mji umelala kando ya mto Turkwel, katikati ya vilima vyeusi vya mawe ya volkano, na juu ya kilima kimojawapo imesimama sanamu kubwa ya Kristo inayoonekana kutoka karibu kila kona. Chini yake ni mabati, mchanga, mikoma mirefu ya ukingoni mwa mto, na mathenge, mti ule wa miiba. Mathenge imejaa kila mahali pasipo na mwenyewe: kando ya barabara, nyuma ya maduka, mpaka mtoni. Wanawake waliovaa shanga kutoka mabegani hadi kidevuni wanapita na magunia ya makaa kichwani. Bodaboda zinawapita zikitimua vumbi. Hewa inanuka moshi, mbuzi, na chapati zinazogeuzwa mlangoni mwa hoteli.

Mvua ya mwaka mzima hapa ni takriban milimita 200. Kaunti ya Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 926,976. Ukisimama Lodwar ukatazama upande wowote, hesabu hiyo unaiona kwa macho. Nchi ni kubwa, watu wametawanyika, na maji ndiyo yanayoamua nani akutane na nani. Wanaokutana kwenye maji si watu peke yao. Wapo mbuzi, kondoo, ngamia, punda, na wapo mbwa.

Siku hizi Turkana ina sifa kwa wanaochunguza jeni. Watafiti waliochota damu ya wafugaji wa huku walibaini jeni moja, STC1, inayohusika na namna figo zinavyobana maji mwilini, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2025. Ni habari njema kwa watu ambao kwa muda mrefu wametajwa kwa njaa na ukame tu, na inastahili kusomwa shuleni. Mimi nilikuja kufuata jeni nyingine. Hii haina kabila, kila mtu anayo, iko kwenye kromosomu ya kwanza na huitwa CFH. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo fakta H, na sehemu kubwa ya protini hiyo hutengenezwa ndani ya ini. Nimeifuata Turkana kwa sababu huku ndiko kunakoonekana waziwazi nini hutokea mgeni akihamia kwenye ini hilo na kuitumia protini hiyo kwa faida yake.

Chumba cha altrasaundi cha hospitali ya mji kina kitanda kimoja, pazia lililofifia rangi, na feni ya ukutani inayogeuka huku na huku bila kupunguza joto. Mama aliyelala kitandani alikubali nikae pembeni. Alikuwa ametoka mbali, upande wa kaskazini, na alikuja kwa sababu shuka yake haikufungika tena kiunoni. Mtaalamu wa mashine alimpaka jeli tumboni, akaweka kifaa chini ya mbavu za kulia. Muuguzi alimtafsiria kwa Kiturkana: avute pumzi, aishike.

Kwenye skrini, ini lilikuwa la kijivu chenye chembechembe. Katikati yake kulikuwa na duara jeusi, jeusi kabisa, lenye mpaka wa mistari miwili myeupe iliyokwenda sambamba. Mtaalamu alivuta mstari kutoka upande mmoja wa duara hadi mwingine na kusoma kipimo kwa sauti: sentimita 11. Nikamwuliza mama, kupitia muuguzi, kama lilikuwa linauma.

“Anasema haliumi,” muuguzi akajibu. “Anasema ni zito tu.”

Hicho ndicho kifuko cha haidatidi, ugonjwa unaoletwa na tegu wa mbwa. Ndani yake mna maji maangavu, na ndani ya maji hayo mnaelea vichwa vidogo vya mnyoo, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikiwa tayari kuwa tegu mzima endapo kitaingia kwenye utumbo wa mbwa. Kifuko kingine hukua milimita chache tu kwa mwaka, kingine sentimita kadhaa. Mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi bila kujua. Kikipasuka ghafla, maji yake yanaweza kuushtua mwili kiasi cha kumwua mwenyewe kwa muda mfupi, na vichwa vilivyomwagika vinaweza kuota vifuko vipya tumboni.

Madaktari wameandika juu ya ugonjwa huu Turkana tangu miaka ya 1950. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa Turkana, watu hadi 220 katika kila 100,000 walikuwa wakifika hospitalini kwa upasuaji wa haidatidi kila mwaka, kiwango ambacho hakikuwahi kuandikwa penginepo duniani. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango maalumu wa kuudhibiti. Katika miaka hiyo hiyo mashine ndogo ya altrasaundi ilipakiwa kwenye gari pamoja na jenereta na kupelekwa manyatani, mpaka chini ya migunga ambapo watu walikusanyika. Wakati huo jambo hilo lilikuwa geni hata katika nchi tajiri. Ndipo lilipojitokeza jambo lililowashangaza wataalamu, nami bado linanishangaza. Watu kadhaa ambao mashine ilionyesha wazi kifuko ndani yao, damu yao ilipopimwa haikuonyesha kingamwili za ugonjwa. Kifuko cha ukubwa ule kilikuwa kimekaa mwilini, na mwili haukuwa umepiga kelele.

Kwa nini? Sehemu ya jibu iko maabara.

Maabara ya hapo ni chumba chembamba chenye meza ndefu ya vigae. Kijana mmoja alikuwa akitoa mirija ya damu kwenye mashine ya kuizungusha. Kila mrija ulikuwa umegawanyika: chini wekundu mzito wa seli, juu maji ya njano. Alininyoshea mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Maji yale ya njano ndiyo yaliyonileta.

Ndani yake mna protini zaidi ya 30 ambazo kwa pamoja huitwa komplementi. Ni kinga tunayozaliwa nayo, haingoji chanjo wala kumbukumbu ya ugonjwa uliopita. Iliyo nyingi kuliko zote ni C3, takriban miligramu moja katika kila mililita. C3 haitulii. Usiku na mchana chembe chache zake hufunguka zenyewe, na kipande kiitwacho C3b hung'ang'ania chochote kilicho karibu, kiwe bakteria, kiwe mnyoo, iwe seli ya mwenye damu. Kipande kimoja kikishashika huita vingine, na baada ya dakika chache uso mzima wa kilichoshikwa umefunikwa. Hapo seli za kinga huja kukimeza. Au protini za mwisho wa mlolongo hujipanga kwa duara na kutoboa utando wake mpaka kipasuke.

Nguvu hiyo ni dhaifu mbele ya joto. Ukiyaweka maji ya damu kwenye nyuzi 56 kwa nusu saa, uwezo wake wa kuua hupotea, na hilo limejulikana tangu miaka ya 1890. Hata kwenye joto la kawaida la chumba hupungua saa baada ya saa. Kijana wa maabara alinionyesha kisanduku cha baridi kilichojaa vipande vya barafu na kusema kwamba sampuli ya aina hiyo ikichelewa njiani kwenye jua la huku, kinachofika Nairobi ni maji tu. Nilitoka nje baadaye nikaweka mkono juu ya boneti ya gari lililoegeshwa hapo. Niliuondoa mara moja.

Sasa, ikiwa C3b haichagui inapotua, nini kinazizuia protini hizi zisimmalize mwenye mwili? Ndipo inapoingia fakta H. Ni protini ndefu na nyembamba, yenye vipande 20 vinavyofuatana, kila kimoja kimekunjwa karibu sawa na mwenzake. Kwa mtu aliyetoka kuwatazama wanawake wa Lodwar, ni shanga ishirini kwenye uzi mmoja. Shanga nne za mwanzo huishika C3b, huuvunja mtambo unaoizidisha, na huisaidia protini nyingine, fakta I, kuikata C3b isiweze tena kudhuru. Shanga nyingine, hasa mbili za mwisho, kazi yake ni kutambua. Hupapasa sukari zilizo juu ya seli, na zikikuta zile za mwili wenyewe, fakta H hutua hapo na shambulio husimama.

Makosa madogo kwenye jeni hiyo yanaonyesha uzito wa kazi hii. Kuna watu waliozaliwa na CFH yenye hitilafu kwenye shanga za mwisho. Komplementi yao hugeukia mishipa midogo ya damu ndani ya figo, na figo hufa, pengine utotoni. Mwaka 2005 ilibainika pia kwamba badiliko la herufi moja tu kwenye jeni hiyo, linalobadilisha asidi amino moja kati ya zaidi ya 1,200, huongeza uwezekano wa mtu kupoteza uoni wa katikati ya jicho uzeeni. Maisha yetu yote tunalindwa dhidi ya kinga yetu wenyewe, na mlinzi huyo hutoka kwenye ini kila siku.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Barabara ya lami inakwenda moja kwa moja, kisha inashuka kwenye laga, yaani mto wa msimu, inapanda, inashuka kwenye laga nyingine. Laga zote zilikuwa kavu. Katika moja, wanawake walikuwa wamechimba mchangani shimo la kina cha kumzidi mtu, na msichana aliyesimama chini alikuwa akipokeza juu bakuli la maji, moja baada ya jingine. Maji yalimwagwa kwenye kihori cha gogo, mbuzi wakanywa kwa zamu. Kisha mtungi wa plastiki wa lita 20 ukajazwa kwa ajili ya nyumbani. Mbwa wawili wa rangi ya mchanga walilala kwenye kivuli cha ukingo, mita chache kutoka kwenye shimo, kwenye mchanga wenye unyevu.

Nilisimama hapo muda mrefu. Yai la tegu huyu lina upana wa karibu sehemu ya thelathini ya milimita, halionekani kwa macho. Mnyoo wenyewe ni milimita mbili hadi saba, na mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu bila kukonda wala kukohoa. Mayai hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya, kwenye mchanga, kwenye mikono. Jua kali la Turkana huyakausha na kuyaua haraka. Yanapodumu ni pale penye kivuli na unyevu, yaani kisimani na ndani ya nyumba, palepale ambapo watu nao wamekimbilia.

Mbele kidogo, kwenye manyata iliyo kando ya barabara, mzee mmoja alituita kivulini. Alikuwa ameketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho usiku huwa mto wa kichwa. Tuliamkiana, akauliza habari za mvua tulikotoka. Ndani ya boma palikuwa na nyumba za vijiti vya mkoma, zizi la miiba, watoto, na mbwa jike mwenye watoto wadogo. Mama mwenye mtoto mchanga mapajani alinieleza, bila haya na bila kujitetea, kwamba mbwa huyo hulinda boma dhidi ya fisi, na pia humsafisha mtoto anapojichafua. Kisima kiko mbali, alisema, maji ya kunywa ndiyo hayo uliyoyaona. Watafiti waliokwisha kuandika juu ya desturi hii wameitaja kuwa sababu mojawapo ya wanawake wa Turkana kuugua haidatidi zaidi ya wanaume, kwa maana ni wao wanaokaa na mbwa nyumbani. Sioni namna ya kuilaumu desturi hiyo bila kwanza kuhesabu kilomita za kwenda kisimani.

Yai likimezwa, hupasuka kwenye utumbo na kutoa kiumbe kidogo chenye vikulabu sita. Kiumbe hicho hupenya, huingia kwenye mshipa unaotoa damu ya matumbo kuipeleka kwenye ini, na mara nyingi safari yake huishia hapo. Ndiyo maana vifuko vingi hukaa kwenye ini, vingine kwenye mapafu, vichache mahali pengine. Akishatulia, mgeni huanza kujenga ukuta. Tabaka lake la nje halina seli hata moja. Ni tabaka nene la protini na sukari, linaloweza kufikia milimita mbili au zaidi. Ile mistari miwili myeupe niliyoiona kwenye skrini Lodwar ndiyo inayouonyesha.

Mwaka 1997 watafiti walichapisha kwamba ukuta huo hukusanya fakta H ya mwenyeji na kuishikilia. Protini iliyotengenezwa na ini ili kulilinda ini hujikuta imejipanga juu ya mgeni aliyejichimbia mlemle. C3b ikitua kwenye ukuta, fakta H iko tayari kuizima, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake na haijui imeshikwa na nani. Mnyoo ana mbinu nyingine pia, hii si silaha yake pekee. Lakini kuna jaribio la maabara linaloniambia mengi. Vile vichwa vidogo vinavyoelea ndani ya kifuko, vikitolewa na kuwekwa kwenye maji mabichi ya damu ya mtu, komplementi huviua. Mwili una uwezo wa kumwua mgeni huyu. Kinachomwokoa ni ukuta.

Si yeye peke yake aliyegundua njia hiyo. Bakteria wa homa ya uti wa mgongo huvaa fakta H kwa kutumia protini yao maalumu, na chanjo fulani za kundi B zimetengenezwa kwa protini hiyohiyo, ili mwili ujifunze kuishambulia. Kimelea cha malaria nacho huinyakua kinapokuwa nje ya seli nyekundu, kikitafuta seli nyingine ya kuingia. Viumbe vitatu visivyo na undugu, vyote vimefika kwenye shanga zilezile.

Kakuma inaanza kwa mabati. Unayaona mbali kabla hujaona nyumba, yakimeta hadi chini ya milima ya Pelekech, mistari kwa mistari. Kambi ilianza mwaka 1992, ilipowapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, na sasa ni Kakuma Moja hadi Nne pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo mbele zaidi kwenye njia ya Lokichogio. Humo mna watu zaidi ya 200,000: Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Waethiopia, Warundi na wengineo. Mto Tarach unapita kando, na siku niliyofika ulikuwa njia pana ya mchanga mweupe yenye nyayo za mbuzi. Mvua ikinyesha milimani hujaa kwa saa chache na kubeba nyumba.

Sokoni nilisikia Kiswahili cha aina nne. Kile cha Kongo kilikuwa cha haraka na kitamu, muuza vitenge akiwaita wateja “mama wangu, kuja uone”. Mkahawa wa Kihabeshi ulinuka kahawa inayokaangwa na ubani. Msomali wa duka la jumla alikuwa akipima mchele kwa kilo na kuandika madeni kwenye daftari lililopinda. Kati yao walipita wanawake wa Kiturkana, wenyeji wa nchi hii, wakiuza kuni, makaa na mbuzi. Nyama inayoliwa kambini kwa sehemu kubwa huja kwa miguu yake kutoka kwenye manyata za pande zote, na baadhi ya waliokimbilia hapa walitoka kwa majirani wenye ugonjwa huohuo, maana haidatidi imeandikwa pia miongoni mwa Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyang'atom wa Ethiopia. Mpaka hauzuii mbwa.

Pahali pa kuchinjia nilipopelekwa palikuwa na paa, sakafu ya saruji, na nguzo za chuma zenye ndoano. Damu ilikuwa ikisukumwa kwa maji machache kwenye mfereji. Mkaguzi wa nyama, mwanamume mtaratibu aliyevaa buti za mpira, alikuwa akipitisha vidole juu ya kila ini kabla ya kulikata. La nane au la tisa alilisimamisha. “Karibu uone,” akasema. Juu ya ini la mbuzi, chini ya utando unaong'aa, palikuwa na uvimbe mweupe wa upana wa dole gumba. Alilitenga, akalipasua kwenye beseni. Maji yakaruka, angavu kabisa, na baada yake ukatoka utando laini mweupe uliojikunja wenyewe ulipopata hewa.

“Haya tunayatia kwenye shimo, kisha tunafunika,” alieleza. “Shida si hapa. Shida ni huko mtu anapochinjia nyumbani. Ini lina madoa, mtoto hatalila, kwa hiyo linatupwa. Na anayengojea kutupiwa unamjua.”

Alikuwa anamkusudia mbwa. Mbwa akila ini hilo, kila kichwa kidogo ndani ya kifuko chaweza kuwa tegu mzima. Baada ya wiki sita hivi mayai huanza kutoka, na safari huanza upya kwenye mchanga wa kisima. Mtu hana nafasi ya lazima katika mzunguko huo. Mbwa na mbuzi wanatosha. Yule mama wa Lodwar ameingizwa kwenye jambo lisilomhitaji, na analibeba tumboni, sentimita 11.

Kwa ajili yake kuna njia. Kuna vidonge vya albendazole, vinavyomezwa kwa miezi. Kuna kutoboa kwa sindano ndefu chini ya uangalizi wa altrasaundi: maji hunyonywa, dawa ya kuua vichwa huingizwa, hunyonywa tena. Kuna upasuaji. Na kuna vifuko vilivyokwisha kukauka vyenyewe, ambavyo daktari huvitazama tu mwaka baada ya mwaka. Mtaalamu wa Lodwar aliniambia kwamba kuchagua kati ya hizo hutegemea zaidi sura ya kifuko kwenye skrini kuliko ukubwa wake. Lakini kila mojawapo ya njia hizo inahitaji kwanza mtu awe amepimwa, na ili apimwe lazima awe amesafiri, na wengi husafiri tu shuka inapokataa kufungika.

Jioni nilikaa ukingoni mwa Tarach. Watoto wa kambi na watoto wa manyata walicheza mpira kwenye mchanga wa mto, mpira wa matambara, bila magoli. Mbwa walikimbia pamoja nao.

Nimeeleza kwa kirefu habari za protini na kromosomu kwa sababu naamini msomaji wa Kiswahili anastahili kujua kinachotendeka ndani ya ini lake mwenyewe, na kwa sababu maarifa hayo yanaonyesha wapi pa kupambana. Ndani ya mwili, mgeni ameshajenga ukuta na kujifunika protini yetu. Kumtoa ni kazi ya miezi, ya sindano na visu. Nje ya mwili hana ukuta huo wala kifuniko hicho. Yai lake hufa kwa jua. Tegu wake ndani ya mbwa hufa kwa dozi moja ya praziquantel. Mpango wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mambo haya yanawezekana hata kwa watu wanaohama na mifugo yao, na maambukizi yakapungua pale ulipofika.

Basi unayechinja nyumbani, uwe Turkana, Pokot, Samburu, Umasaini au Karamoja, lipasue ini kabla ya kulitupa. Ukikuta uvimbe wa maji, lichome moto au lizike kina ambacho mbwa hatalifukua. Mbwa wa boma apewe dawa ya minyoo kila wiki sita, na watoto wanawe mikono kabla ya kula hata kama maji ni ya kikombe kimoja. Na wanaopanga bajeti za afya za kaunti zetu kame wairudishe mashine ya altrasaundi kwenye gari, iwafuate watu waliko: kisimani, manyatani na kambini.